Farasi wangu alikua nyuma kwanza

Alipotimiza miaka 2, dume langu lilikuwa juu kiunoni kuliko mabegani, karibu upana wa vidole vinne. Tandiko lilimtelezea shingoni, naye akawa anajikwaa hata penye tambarare. Nilidhani ni uvivu, nikamzidishia mazoezi. Hilo ndilo kosa ninalolijutia mpaka leo.

Siku moja nilipapasa miguu yake ya mbele, nikakuta juu kidogo ya goti pamevimba na pana joto. Daktari wa mifugo alinieleza kuwa mifupa ya farasi hukomaa kuanzia chini kwenda juu: karibu na kifundo huacha kukua ndani ya mwaka wa kwanza, juu ya goti hungoja hadi miaka 2 au 2 na nusu, na uti wa mgongo huendelea hadi miaka 5 au 6. Mwili kupanda nyuma kisha mbele nako, alisema, ni kawaida. Uvimbe ule ndio haukuwa wa kawaida.

Nilivua tandiko kabisa. Nikapunguza nafaka, na pumba nikaiacha maana ina fosforasi nyingi mno. Akabaki na nyasi na madini yenye kalsiamu angalau mara moja na nusu ya fosforasi. Kwato zikasawazishwa. Kila mwezi nilimpima kwa fimbo, mabegani na kiunoni, nikiandika daftarini.

Joto liliisha kwanza. Mabega yalichukua miezi saba kufikia kiuno, na kujikwaa kukakoma. Kumpanda nimeanza upya, taratibu, akiwa na miaka 4.