Siku yangu moja na hailaita ya kujaza wino

Nasoma prufu za vitabu vya shule hapa Dar es Salaam, yaani kurasa za kukaguliwa makosa kabla kitabu hakijachapwa. Kila anayepita mezani kwangu anauliza kuhusu kalamu, maana hailaita yangu, kalamu ya kupaka maneno rangi, si ile ya kutumia na kutupa. Ni kalamu ya wino, naijaza mwenyewe kutoka kwenye chupa. Nimeona niandike siku nzima ya kazi, saa kwa saa, ili anayetaka kujaribu aone inavyokwenda kwa mtu anayesoma kutwa.

Saa 11:30 alfajiri

Najaza kalamu kabla watoto hawajaamka. Ninazo tatu, zote Pilot Parallel za Japani, aliniletea shemeji anayefanya kazi Dubai. Mbili zina kifuniko cha rangi ya chungwa na ncha ya upana wa milimita 2.4, ya tatu ina kifuniko cha kijani na ncha ya milimita 3.8. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kaligrafia, uandishi wa herufi za mapambo. Badala ya nibu iliyochongoka yenye mpasuo katikati, zina vibati viwili vya chuma vilivyolazwa sambamba, na wino unashuka katikati yake. Mstari unatoka mpana na kingo zake zimenyooka. Kwa kuhailaiti, mimi sijaona kalamu ya wino inayozishinda.

Katriji, kile kijichupa cha wino kinachokaa ndani ya kalamu, ikiisha siitupi. Nina bomba la sindano la mililita 5 nililonunua duka la dawa, na sindano yake nimeisugua kwenye saruji mpaka ikawa butu. Siri iko kwenye kina: sindano inaingia mpaka iguse kitako cha katriji, ndipo nasukuma taratibu huku nikiivuta juu kadiri wino unavyopanda. Ukimimina kutokea mdomoni, hewa inanasa chini, katriji inaonekana imejaa kumbe nusu yake ni kiputo.

Wino wa manjano ni wa Pelikan, ule waliouandaa kwa ajili ya kalamu yao ya kuhailaiti, M205 Duo. Chupa ina mililita 30. Kalamu yenyewe bei yake ni kubwa mno kwa msomaprufu, lakini wino hauulizi umewekwa kwenye kalamu gani. Ukitoka kwenye chupa ni mkali kwa macho yanayokaa juu ya karatasi saa nane, kwa hiyo nauzimua: wino sehemu mbili, maji sehemu moja. Maji ninayotumia ni maji ya betri, yale yasiyo na asidi, yanayouzwa vituo vya mafuta. Ya bomba na ya kisima huku kwetu yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya ncha inaziba njia. Nachanganya kidogo tu, cha siku chache, kwa sababu wino ukishazimuliwa hauchelewi kuota ukungu.

Hili la kuzimua ndilo lililonifanya niache hailaita za dukani. Mwenye hailaita ya kutupa anaupokea mwanga wake kama kiwanda kilivyoamua. Mimi naupunguza mpaka herufi zibaki kuwa kitu cha kwanza kuonekana, na rangi iwe ya pili.

Saa 1:15 asubuhi

Niko kwenye mwendokasi, nimesimama. Kalamu ziko mfuko wa ndani wa mkoba, ncha juu. Joto likipanda hewa iliyomo kwenye katriji inatanuka na kusukuma wino nje; ncha ikiwa juu, inayotoka ni hewa tu.

Saa 2:30 asubuhi

Shikamoo na marahaba zimekwisha, chai ipo mezani, prufu ipo mbele yangu: kitabu cha sayansi, kurasa mia na ushee. Kwanza nahakikisha imetoka printa ya leza. Tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa ukashika karatasi, na wino wangu ambao ni maji na rangi unapita juu yake bila kuchafua kitu. Karatasi ya printa ya wino ni balaa. Herufi zinayeyuka, manjano inageuka kijani, na uchafu unabaki kwenye ncha. Maandishi ya bolipeni hayana shida, wino wake ni wa mafuta. Ya kalamu ya wino, hata kama yamekauka tangu jana, siyagusi.

Rangi mezani zina utaratibu wake. Masahihisho yenyewe nayaandika kwa desturi ya Waingereza iliyorithiwa na wengi kwenye uchapishaji: nyekundu ni kosa la mpangaji kurasa, buluu ni badiliko la mwandishi au mhariri. Hailaita haisahihishi chochote, na wasomaji prufu wachanga wengi hawalielewi hili. Kupaka neno rangi hakumwambii mpangaji afanye nini. Rangi ni maswali yangu mwenyewe, ya kurudia baadaye.

Kuhusu upana, piga hesabu kabla hujanunua. Maandishi ya pointi 12 yana kimo cha milimita 4.2 hivi ukihesabu nafasi yote ya mstari, lakini herufi zisizo na mkia wala shina, a, e, m, o, zinachukua karibu nusu tu ya hapo. Ncha ya milimita 2.4 inafunika tumbo la neno na kuacha mikia nje, mstari wa juu na wa chini haviguswi. Ile ya 3.8 naitumia kwenye vichwa vya sura. Hailaita nyingi za dukani zinafika milimita 5, na kwenye kitabu kilichobanwa mistari zinakuwa zinapaka jirani.

Saa 4:45 asubuhi

Sura ya tatu, na hapa ndipo kazi inapokolea.

Mwandishi ameanza kitabu na neno "seli". Ukurasa wa 41 naona "chembe hai". Yote mawili yanatumika kwenye vitabu vyetu na mwalimu yeyote anayaelewa. Lakini mtoto wa darasa la tano akikutana na maneno mawili atadhani ni vitu viwili, na mtihani utamuuliza kwa neno moja.

Narudi ukurasa wa kwanza. Kila "seli" naipaka manjano. Kila "chembe hai" naipaka chungwa, kwa kalamu ya pili ya 2.4. Wino huu wa chungwa si wa kung'aa hata kidogo, ni wino wa kawaida wa kalamu niliouzimua mpaka ukawa hafifu. Watu wanadhani kuhailaiti ni lazima kwa wino maalumu, kumbe rangi yoyote nyepesi inayoruhusu nyeusi kusomeka inatosha.

Nikatandaza kurasa sakafuni kwa mpangilio, nikasimama juu yake. Mwanzo wa kitabu ni manjano tupu. Kuanzia ukurasa wa 41 chungwa inaingia, mwishoni mwa sura ya nne imetawala, halafu sura ya tano manjano inarudi ghafla. Hakuna kompyuta iliyoniambia hivi. Kutafuta kwenye faili kunanipa idadi na mahali. Sakafu inanionyesha kwamba sura mbili hizi ziliandikwa kwa mkono mwingine au kutoka kwenye chanzo kingine. Na mtu akibadili chanzo habadili neno moja tu. Nikaanza kuzisoma upya sura hizo nikitafuta maneno mengine yaliyobadilika hivyo, nikayapata: "kani" imekuwa "nguvu" sehemu kadhaa, na vipimo vimeandikwa kwa namna nyingine.

Kazi hii inataka kalamu inayokaa wazi dakika nyingi mkononi bila kukauka, na inayotoa mstari uleule mwanzo wa ukurasa na mwisho wake. Hailaita ya dukani ncha yake ni ya nyuzi zilizobanwa, inachakaa kwa kusuguliwa. Ikiwa mpya ni kali, baada ya wiki chache imetanuka na kuota nywele. Chuma hakitanuki. Kikichafuka unakifuta kwa tishu, basi.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe nyuma ya jengo. Mpangaji kurasa wetu, kijana, ameketi nasi.

"Dada, lakini hii si ni kurudi zamani? Hailaita imevumbuliwa ili tuachane na vidau."

Mhariri wetu mkubwa, mzee aliyesoma enzi za kalamu za wino, akadakia kwamba wao shuleni vidole vilikuwa na rangi ya wino wa Quink Jumatatu hadi Ijumaa, na hakuna aliyekufa.

Nilimjibu kijana kwa tarehe. Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake New York mwaka 1884. Hailaita ilitoka kwa kampuni ya Carter's Ink ya Massachusetts mwaka 1963, kisha Wajerumani wa Schwan-Stabilo wakaleta Stabilo Boss mwaka 1971. Lakini ukizifungua zote, kazi inafanywa na jambo lilelile: kimiminika kinavutwa chenyewe kwenye nafasi nyembamba. Kwa Waterman nafasi hiyo ni mifereji chini ya nibu, kwenye hailaita ni nafasi kati ya nyuzi za ncha. Tofauti kubwa ni kwamba moja iliundwa ijazwe tena na nyingine iliundwa iishe.

Na hesabu iko upande wangu. Katriji fupi ya kawaida ya kalamu za wino inabeba chini kidogo ya mililita 1. Kwa hiyo chupa ya mililita 30, hata kabla hujaizimua, inajaza zaidi ya mara 30.

Akauliza mbona manjano hii inaonekana kama ina taa. Rangi ya kawaida ya manjano inarudisha mwanga wa manjano uliokuwemo kwenye mwanga wa jua, basi. Rangi ya kung'aa inapokea pia mwanga wa buluu na miali ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, inaigeuza kuwa mwanga tunaouona na kuuongeza juu ya ule wa kwanza. Ndiyo sababu inang'aa kuliko karatasi iliyoibeba. Gharama yake ni kwamba rangi hizi hazidumu juani. Karatasi iliyoachwa dirishani inapauka mapema. Kwa sababu hiyohiyo sipaki kitabu cha maktaba, wala cheti, wala hati yoyote ya kutunzwa. Hailaita ni ya karatasi za kazi.

Saa 9 alasiri

Naskani kurasa zilizokamilika kumtumia mwandishi. Naweka mashine kwenye nyeusi na nyeupe, na manjano yote inapotea. Zinabaki alama za buluu na nyekundu, zote zikiwa nyeusi, na maneno yangu ya pembeni. Mwandishi hatasumbuliwa na vipaku vyangu vya kufikiria. Chungwa inaacha kivuli cha kijivu, na kwa leo ndivyo ninavyotaka, aone mwenyewe "chembe hai" ilivyotapakaa. Kwa hiyo rangi ninazichagua kwa jicho la mashine pia: la siri yangu ni manjano, la kuonyesha mtu ni chungwa.

Saa 10:30 jioni

Kusafisha. Ya chungwa imebeba unga wa tona kidogo kwenye ukingo. Kalamu hizi huja na kipande chembamba cha plastiki cha kupitisha kati ya vile vibati viwili. Nakipitisha mara moja, natumbukiza ncha kwenye maji ya kunywa, nakausha. Foleni ya kurudi nyumbani sina la kuisimulia.

Saa 1:30 usiku

Umeme umekatika wakati nasoma faharasa. Nikawasha taa ya mafuta, na manjano yote ikapotea machoni. Mwanga wa moto una miali michache sana ya kuiamsha rangi ya kung'aa, na wenyewe ni wa manjano, kwa hiyo karatasi nzima inafanana na alama. Chungwa inaonekana bado. Nikamulika tochi ya simu, ambayo mwanga wake umejaa buluu, na manjano ikaruka kutoka kwenye ukurasa. Anayesoma usiku sehemu zenye mgao wa umeme namshauri awe na rangi moja isiyong'aa kwenye kalamu zake. Macho yatamshukuru, na chaji ya simu pia.

Saa 3 usiku

Mwandishi amejibu kwa WhatsApp, sauti ya dakika mbili. Ameziona kijivu zile. Sura ya tatu na ya nne aliziandika miaka ya nyuma kwa ajili ya kitabu kingine, akazihamisha. Anataka "seli" kote. "Chembe hai" iwekwe mahali pamoja tu, sura ya kwanza, kwenye sentensi inayoeleza kwamba baadhi ya vitabu hutumia neno hilo. "Kani" nayo irudi.

Umeme umerudi. Nafuata chungwa ukurasa kwa ukurasa, na kila nilipoipaka naandika sahihisho pembeni kwa buluu, maana ni badiliko la mwandishi, mpangaji hana kosa hapo. Sura ya tatu imekwisha. Ya nne nitaimalizia asubuhi kabla sijampelekea kijana wetu, pamoja na ile kalamu ya 3.8, ameomba aijaribu.