Kabla hujatoa toleo, fungua kifurushi uangalie LICENSE na NOTICE

Wenzangu mnaotengeneza programu hapa Mombasa, leo nataka tuzungumze kuhusu faili mbili ambazo kila mtu huziacha mpaka ile saa ya mwisho, LICENSE yenye maandishi ya leseni, na NOTICE yenye notisi ambazo leseni hulazimisha zibebwe. Waona mtu amekesha na kazi yake, kodi safi, test zote zimepita, halafu LICENSE ameichota tu kutoka kwa project nyingine na NOTICE ama haipo kabisa ama imejazwa kila kitu hadi haisomeki. Mimi jambo hili huniuma kweli, manake ndani ya zile faili mna majina ya watu waliotupa kazi yao bure na kitu walichoomba ni kidogo sana.

Nianze na lile ambalo ndo msingi wa yote. Hizi faili hazisemi project yako inategemea nini, zinasema ndani ya kile kifurushi unachompa mtu mna nini. Ni kama manifesti ya meli pale Kilindini, huandikwa shehena iliyopakiwa, sio mali iliyobaki ghalani kule ilikotoka hata kama mwenyewe ni tajiri yule yule. Ukilishika hilo, maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Mfano. Sisi wachache hapa Tudor tuna programu ndogo ya kuonyesha maji kujaa na kupwa, ili mvuvi wa Mtongwe ajue bamvua ni lini na maji mafu ni lini bila kuhangaika. Leseni yetu ni Apache 2.0, mojawapo ya leseni huria. Tarball ya sosi, yaani kifurushi cha kodi kabla haijajengwa, ina kodi yetu wenyewe, ina faili moja ya JavaScript ya kuchora grafu ambayo iko chini ya MIT, leseni nyingine huria, na fonti moja iliyo chini ya SIL Open Font License, basi. Vingine vyote, yaani laibrari za watu wengine, npm, chombo cha kuleta laibrari, huvileta mtu akiinstall mwenyewe. Sasa kijana mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa amejaza NOTICE kila laibrari iliyoko kwenye package.json, faili ya kuorodhesha tunavyovitegemea, orodha ndefu kwelikweli, nikamwambia hebu fungua tarball unionyeshe hii ya kwanza iko wapi. Akapiga tar tzf kuorodhesha yaliyomo, akatafuta, haimo. Ya pili haimo. Ya tatu haimo. Akaniuliza, "Sasa kaka, si ni heshima kuwataja wote?" Nikamwambia heshima ni nzuri na README, faili ya maelezo ya project, ina nafasi kubwa, waweka shukrani zako huko upendavyo, lakini NOTICE ina kazi yake ya kisheria.

Na kazi yenyewe ni hii. Leseni ya Apache 2.0, ambayo ni ya Januari 2004, kifungu cha 4(d) kinasema kama kazi uliyoichukua ina faili ya NOTICE, basi ukiisambaza kazi uliyoitoa humo lazima ubebe yale maelezo ya NOTICE yake, ukiacha tu yale yasiyohusu sehemu uliyochukua. Yaani kila mstari unaouongeza leo unamtwika mtu wa baadaye, na yeye atamtwika anayechukua kwake, mpaka mwisho wa mnyororo. Ndo maana Apache Software Foundation wenyewe, shirika lenye leseni hii, huambia project zao usitie ndani ya NOTICE kitu ambacho sheria haikulazimishi. Ya kwao huwa fupi sana, jina la project, mstari wa hakimiliki, na sentensi ya kusema kwamba ndani mna programu iliyotengenezwa Apache. Ile MIT yetu ya grafu basi haiendi NOTICE, inaenda LICENSE, maandishi yake yote pamoja na jina la mwenyewe na mwaka, ama unaweka faili kwenye folda ya licenses na LICENSE inaelekeza huko. MIT yenyewe inataka tu ile notisi ya hakimiliki na ya ruhusa ziwemo kwenye kila nakala. Ni aya chache! Mtu anashindwaje?

Mambo hugeuka ukifika kwenye toleo lililokwisha kujengwa, na hapa ndo wengi huteleza. Webpack, chombo cha kukusanya kodi ya JavaScript, ikishakusanya kila kitu kuwa faili moja, zile laibrari ambazo kwenye sosi hazikuwemo sasa zimo, kwa hivyo LICENSE ya kifurushi hiki haiwezi kuwa ile ya tarball ya sosi, project ni moja lakini vifurushi ni viwili na kila kimoja na karatasi zake. Webpack 5 hujaribu kukusaidia, ikibana kodi huzitoa zile komenti za leseni na kuziweka kwenye faili inayoishia LICENSE.txt kando ya bundle, yaani ile faili moja iliyokusanywa, na watu huifuta wakipeleka kwa seva eti ni takataka. Usiifute. Tena hata ukiiacha usidhani imemaliza kazi, manake yakamata komenti zenye alama kama @license ama zinazoanza na /*! peke yake, laibrari ambayo mwenyewe hakuandika hivyo hupita kimya kabisa, wewe nenda node_modules, folda ambamo npm huweka laibrari, ukasome LICENSE zake moja moja. Wa lugha ya Go nanyi pia, binary yenu moja, yaani programu iliyokwisha kujengwa, ina moduli zote tumboni. Na nyinyi wa kontena, mnaofunga programu pamoja na mfumo wake, mnaopiga rm -rf kuifuta folda ya /usr/share/doc ili kuokoa megabaiti chache, kwenye mfumo wa Debian humo ndimo faili za copyright za kila kifurushi zinamokaa, mwafuta leseni za watu na kuendelea kusambaza kazi yao.

Kuna wanaosema haya ni makaratasi tu nani atakushtaki. Mwaka 2008 kule Marekani mahakama ya rufaa ya Federal Circuit iliamua kesi ya Jacobsen na Katzer, ilihusu programu huria ya kuendeshea treni za kuchezea, wallahi treni za kuchezea, upande mmoja ulichukua faili bila kubeba majina ya waandishi, notisi za hakimiliki na rejeleo la faili ya leseni, na mahakama ikasema masharti ya leseni huria ni masharti kweli, ukiyavunja waweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, sawa na kitabu. Lakini hata bila mahakama mimi ningebeba tu majina yao, mtu amekaa usiku akaandika kodi ya grafu ambayo leo yamwonyesha mvuvi wangu bamvua, na jina lake ndo malipo pekee aliyoyaomba.

Kwa upande wetu sasa toleo halipewi tag, alama ya kwamba limetoka, kabla ya mtu mmoja, ambaye sio aliyelijenga, kufungua kila kifurushi kwenye folda tupu na kupitia kilichomo faili kwa faili akilinganisha na LICENSE. Skripti inasaidia kutafuta neno copyright na vitambulisho vya SPDX, vile vifupi vya kutaja leseni, lakini fonti na picha huwa hazina komenti, hizo ni jicho tu. Fonti hasa muwe macho, ile leseni ya SIL huruhusu mwenyewe kulihifadhi jina la fonti, ukipunguza herufi ili faili iwe nyepesi ushaibadilisha, na jina lililohifadhiwa huwezi kulitumia tena bila ruhusa yake. Yetu tumeiacha nzima, kilobaiti chache zaidi, sawa tu.