Kokwa za mwembe wa bibi

Mwembe wa bibi pale Mikindani ulikatwa mwaka 2021, mizizi ilipofika kwenye msingi wa nyumba. Siku tatu kabla, niliokota maembe kumi na mawili chini yake. Yalikuwa madogo, yana nyuzi, ila utamu wake sijaupata kwenye embe lolote la sokoni, na sikutaka mwembe mwingine zaidi ya huo.

Kokwa sita nilizianika juu ya bati siku kumi, kama tunavyoanika mbegu za maboga. Haikuota hata moja. Korosho zetu hukauka vizuri, ndipo tunazitumbukiza majini na kutupa zinazoelea. Kokwa ya embe haitaki hivyo, kiini chake kikikauka kimekufa. Bibi aliponikuta juu ya ngazi aliniambia, "Mjukuu wangu, embe ulile leo, kokwa uifukie leo."

Bahati nzuri sita nyingine zilikuwa bado zimo ndani ya maembe. Nikazisugua kwa mchanga mpaka nyuzi zikatoka, nikapenyeza ncha ya kisu kwenye ukingo mwembamba wa ganda, nikabanua polepole kama mtu anayefungua chaza. Ndani kuna kiini cheupe kilichopinda kama figo. Nikakilaza mgongo juu, tumbo chini, kwenye kiriba kirefu, ule mfuko wa kuoteshea miche, chenye mchanga, udongo wa shamba na samadi ya mbuzi iliyooza. Kiriba kifupi usikitumie: mzizi mkuu hushuka haraka, ukigonga chini unajikunja, na mti utabaki na kilema hicho.

Wiki ya tatu yakatoka majani ya rangi ya zambarau, laini, yananing'inia kama yamebabuka kwa jua. Binti yangu alilia akidhani yanakufa. Hayafi. Ndivyo majani machanga ya mwembe yalivyo; baadaye husimama yakawa ya kijani.

Kokwa moja ilitoa miche mitatu! Iko miembe ambayo kiini chake kimoja hubeba miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hutokana na mama peke yake, bila chavua ya mti mwingine. Mche wa chavua mara nyingi ndio ule mnyonge. Kwa hiyo nilimwaga maji mengi, nikaitenganisha, nikabaki na miwili yenye nguvu. Hiyo ndiyo ninayoiita miembe ya bibi.

Niliipanda uani kwangu mvua za Desemba 2022, nikaizungushia matawi ya miiba kwa sababu ya mbuzi. Mche wa kubebeshwa, ule uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, ungezaa mapema zaidi, najua. Hii ya mbegu huenda ikanichukua miaka sita au zaidi. Sasa imenipita kimo. Bibi akija huchuma jani moja, analivunja, analinusa, halafu analifunga kwenye pindo la kanga.