Kabla ya Kumkabidhi Mtu Vyombo vya Nyumba Yako

Nimehama nyumba mara mbili ndani ya Dar es Salaam, na nimeona kwamba kampuni ya kuaminika hujulikana mapema kabisa, siku ile unapoitaka ije kuona vyombo kabla ya kutaja bei.

Mara ya kwanza nilitoka Sinza kwenda Kigamboni, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika. Dalali wa nyumba alinipa namba ya mtu aliyejitambulisha kuwa ana kampuni ya kuhamisha vyombo, naye akanitajia bei papo hapo kwenye simu baada ya kuniuliza idadi ya vyumba tu. Bei ilikuwa nafuu, nikakubali. Asubuhi ya siku hiyo, badala ya kenta, lile lori dogo la mizigo, ilikuja kirikuu, kigari kidogo zaidi, yenye vijana wawili na kamba moja, bila turubai. Tulikwenda safari tatu, kila moja ikalipiwa upya, na tulipokaribia Daraja la Nyerere dereva akasimama pembeni kunieleza kwamba tozo ya daraja haikuwamo katika makubaliano. Magodoro yalilowa. Kabati la vyombo la mninga, ambalo mama alinipa nilipoolewa, lilishushwa likiwa halina kioo hata kimoja, na nilipouliza nani atalipa nikajibiwa, "Dada, kioo ni kitu cha kuvunjika." Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Kwa hiyo nilipokuwa nahamia Goba nilizungumza na kampuni tatu na kuzitaka zije nyumbani kwanza. Mbili zilisema hakuna haja. Ya tatu ilimtuma msimamizi aliyekuja na futi kamba na daftari. Akapima mlango na sofa, akauliza kama kabati la nguo linafunguliwa au linapita zima, na kama kenta inaweza kuingia katika njia ya Goba ikiwa mvua imenyesha. Nilipomwona amepiga magoti kukagua miguu ya lile kabati la mama, moyo wangu ulitulia. Asiyeviona vyombo hawezi kujua aje na gari gani wala na watu wangapi, na upungufu wake utaulipia wewe siku ya kuhama, vyombo vikiwa vimeshatolewa nje.

Usajili nao uangaliwe, ingawa kwangu huo ni mwanzo tu. Jina la kampuni litafutwe katika mtandao wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, namba ya mlipakodi iombwe, na gari liwe na leseni ya kubeba mizigo kutoka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Kuhusu bima, wengi hudanganyika kwa stika ya gari: bima ndogo ya gari, ile ya kulinda watu wengine barabarani, hailipi friji yako iliyoanguka. Bima ya mizigo ni kitu kingine, na kama kampuni haina, basi makubaliano yaseme waziwazi nani anafidia kinachovunjika. Yaandikwe pia aina ya gari, idadi ya wabebaji, tozo za njiani, na kama kazi inahusu kufungua na kuunga vitanda.

Sikiliza vilevile wanavyozungumzia vitu vigumu. Yule msimamizi alisema friji itasafiri ikiwa imesimama, na kwamba ikilazimika kulazwa isiwashwe kwa saa kadhaa, kwa sababu mafuta ya kompresa huingia kwenye mirija. Mtungi wa gesi alitaka ufungwe, uondolewe mpira, na usimamishwe peke yake. Maelezo ya namna hiyo hutoka kwa mtu aliyeifanya kazi yenyewe.

Malipo tuliyagawa: nusu kabla ya kupakia, nusu baada ya kushusha. Kule Goba msimamizi alisimama mlangoni na daftari lake, akihesabu kila boksi linaloingia. Yalitakiwa kuwa 43, yakafika 42. Alirudi mwenyewe kwenye kenta, akainua turubai, na kulikuta moja nyuma ya tairi la akiba; lilikuwa la vikombe vya mama. Tulilifungua pamoja, tukavitazama kimoja kimoja, ndipo nikatia saini na kumlipa nusu iliyobaki.