Kupanga uzee kwa pesa ya tumbaku inayoingia mara moja kwa mwaka

Ushauri mwingi wa kustaafu umeandikwa kwa mtu mwenye mshahara: kila mwisho wa mwezi kata kidogo, weka. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, hana mwisho wa mwezi. Ana siku chache kati ya Aprili na Agosti ambapo malipo yanaingia benki baada ya makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kisha ni kutoa tu hadi msimu ujao. Mpango wake wa uzee huamuliwa wiki ile ya malipo. Ikifika Septemba hakuna tena cha kupanga.

Tuchukue familia iliyobakiwa na milioni 6 mkononi baada ya mkopo wa pembejeo kukatwa. Matumizi ya nyumbani ni 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Hii ndiyo ya kutengwa kwanza, hata kabla ya uwekezaji wowote. Milioni 1 nyingine ni ya ada na vibarua wa kupalilia. Milioni 1 iende kwenye hatifungani (unaikopesha serikali, inakulipa riba, na muda ukiisha inakurudishia fedha yako), na 360,000 ziende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Zinabaki 640,000: nunua bati, nunua redio, hakuna wa kukuhoji.

Kwa nini chakula kitangulie uzee? Kwa sababu ya Januari. Shule zinafunguliwa, shamba linataka palizi, ghala limepungua, na mikopo ya kausha damu inakuja hadi mlangoni. Ukikopa 300,000 na kurudisha 390,000 baada ya mwezi, umelipa 90,000 kwa siku thelathini. Hatifungani ya milioni 1 yenye riba ya asilimia 12.10 inakupa 121,000 kwa mwaka mzima. Mikopo miwili ya namna hiyo imeshakula faida yote na zaidi.

Ile milioni 3 ya matumizi isikae kwenye akaunti yenye kadi. Iweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja: unaanza na 100,000, hakuna tozo ya kuingia wala kutoka, na ukiomba fedha hulipwa ndani ya siku tatu za kazi. Toa 250,000 kila mwezi kama mtu anayejilipa mshahara. Siku hizo tatu zina faida yake pia: shemeji akija na shida ya ghafla, jibu la "hela haipo mkononi" linakuwa kweli.

Sasa hatifungani za serikali. Benki Kuu huziuza kwa mnada, kiwango cha chini ni 1,000,000, na unapitia benki yako au wakala wa soko la hisa anayekufungulia akaunti ya CDS, yaani akaunti inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako. Zipo za miaka 2 hadi 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na zile za miaka 3 na kuendelea hazikatwi kodi ya zuio, tofauti na amana ya muda maalumu ya benki ambayo riba yake hukatwa asilimia 10. Jambo ambalo wakulima hawaambiwi: angalia miezi ya malipo ya riba. Iliyotolewa Julai hulipa Januari na Julai. Kwa mtu wa Tabora, hiyo ya Januari ina thamani kuliko nusu asilimia ya ziada kwenye nyingine inayolipa Mei, wakati soko la tumbaku limeshafunguliwa.

Ukinunua moja ya miaka 20 ya milioni 1 kila mwaka kwa miaka kumi kwa asilimia 12.10, utakuwa unapokea 1,210,000 kwa mwaka. Bei zikipanda asilimia 3 kila mwaka, fedha hiyo itanunua vitu vya kama 900,000 vya leo. Na milioni utakayorudishiwa baada ya miaka 20 itanunua vya kama 550,000. Ndiyo maana sipendi mtu ale riba yote kabla hajaacha kulima. Sehemu yake inunue nyingine.

Riba nazo hubadilika. Mwaka 2022 ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Aliyenunua zamani anaendelea na yake, lakini akitaka kuuza kabla ya muda anauza kwa bei ya soko. Ukiwa na ya 12.10 iliyobakiza miaka 18, na wanunuzi wanataka asilimia 15, milioni yako itapata kama 820,000. Pesa ya kujenga isiingie huku.

Tumbaku ina tatizo lake jingine: bei hupangwa kwa dola. Nusu ya pili ya 2024 dola ilishuka kutoka juu ya shilingi 2,700 hadi chini ya 2,500. Kilo 1,500 kwa dola 2 ni dola 3,000: kwa 2,700 unapata 8,100,000, kwa 2,450 unapata 7,350,000. Kama mkopo wa pembejeo uliandikwa kwa dola, nao unashuka na pigo linapungua. Kama ni wa shilingi, pigo lote ni lako. Uliza kabla ya kusaini.

NSSF inapokea waliojiajiri kuanzia 30,000 kwa mwezi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, kwa hiyo mwenye miaka 45 aanze msimu huu. Ukilipa ya mwaka kwa mkupuo, hakikisha imeandikwa kwa miezi yake yote 12.

Mengi hukwama kwenye majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, daftari la AMCOS vile, benki imeongeza jina la babu. Akaunti ya CDS haifunguki. Sahihisha kabla ya malipo. Na mwenza wako ajue namba za akaunti zote, kwa sababu ukifariki, hatifungani haiguswi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi asiyejua kwamba kuna akaunti ya CDS hawezi kuidai.