Mguu wangu wa bandia na mteremko wa feri ya Likoni

Mimi nakaa Likoni na shughuli zangu ziko Kongowea, so kuvuka feri kwangu ni kila siku. Mguu wa kushoto nilikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda.

Watu huniuliza sana kama uzito unakalia ile ncha ya kigutu. La, ingekuwa hivyo nisingefika hata stejini. Fundi wa miguu bandia alinipiga plasta, ilipokauka akaitoa, akamwaga nyingine ndani akapata umbo la kigutu changu, halafu akaanza kulichonga: chini kidogo ya pia ya goti akapunguza ili soketi (lile kombe la plastiki kigutu kinamoingia) ipabane, maana kano ya pale inavumilia mzigo, kwenye makali ya muundi na kale kamfupa ka pembeni akaongeza plasta ili soketi ipaachie nafasi. Ndio akachoma shiti ya plastiki kwa oveni mpaka ikalegea, akaifunika juu ya lile umbo huku pampu inavuta hewa ishike vizuri.

Kule kwa fundi, katikati ya vile vyuma viwili vya kujishikia, nilitembea kama bwana harusi. Lakini sakafu ile ni bapa! Nikamwambia fundi mimi feri ndio mtihani wangu, na wanaovuka wanajua maji yakipwa ule mteremko unavyokuwa mkali. Unyayo wangu ni wa mpira na kifundo hakikunji, kwa hivyo nikishuka goti linasukumwa mbele nataka kuanguka, nikipanda linasukumwa nyuma. Fundi akacheka akasema haya kaka, twende tujaribu kwa rampu ya nje. Akatazama nikipanda nikishuka, akalegeza bolti, akageuza unyayo kidogo sana, tukarudia tena na tena mpaka goti likatulia. Mteremko wenyewe bado nashuka upande upande, mguu wa bandia unatangulia, na wenye haraka wapite tu.

Halafu kukawa na maumivu chini kabisa ya kigutu. Hapo ndio nikaona ujanja, alipaka lipstiki ndani ya soketi pale chini, nikavaa, nikasimama, nikavua, alama nyekundu kwenye soksi ninayovalisha kigutu ikaonyesha panapogusa (mke wangu mpaka leo anauliza lipstiki gani hiyo iliyonipaka soksi). Akapasha plastiki moto pale pale akaisukuma nje. Siku hizi nikivua naangalia ngozi mwenyewe, wekundu ukiisha haraka sawa, ukikaa narudi kwake.

Joto letu hili nalo ni kesi nyingine. Jasho likijaa kigutu kinateleza na ngozi inachubuka, so natembea na kitambaa na soksi za akiba, nikifika kazini navua nakausha navaa kavu. Kigutu naosha usiku sio asubuhi, ngozi ikiwa na maji inavimba na soketi inakuwa shida kuingia. Ile sponji laini inayokaa ndani ya soketi pia naifua kwa sabuni usiku ikauke mpaka alfajiri.

Na kigutu kinapungua jamani, hasa miezi ya mwanzo, hata asubuhi na jioni si sawa. Kikipungua naongeza soksi. Sasa nimeongeza mpaka zimekuwa nyingi na mguu bado unacheza ndani, fundi keshasema ni plasta mpya na soketi mpya, nitaenda baada ya Idi inshallah nikishapata hela.