Hamsini ya tatu

Mbio za mita 200 mtindo huru zina mahali pamoja pa kujificha, napo ni hamsini ya tatu. Ya kwanza inabebwa na ule mruko wa kuanzia. Ya pili bado inakula urithi wa ya kwanza. Ya nne kila mtu anakazana, maana wazazi wako ukingoni wanapiga kelele. Ya tatu haina mwenyewe.

Kwenye bwawa letu la mita 25, hapo ni kuanzia mara ya tano ya kuvuka hadi ya sita, na ndipo binti ninayemfundisha anapopotea. Ukimtazama kwa juu huoni tatizo. Kiwiko kiko juu, kichwa kimetulia, anapendeza hata kumpiga picha. Lakini miguu imelala, na kila akigeuka ukutani anavuta pumzi kwenye mkono wa kwanza kabisa, jambo ambalo kwenye mbio za mita 50 hathubutu kulifanya.

Ana miaka 13. Kwenye mashindano yaliyopita alimaliza kwa 2:30 na watu wakamsifu sana kwa alivyomalizia. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya sekunde za kila hamsini: 34, 38, 42, 36. Ile 36 ndiyo iliyonikera. Mtu aliyeishiwa kweli haogelei 36 mwishoni. Nguvu alikuwa nazo, ila alizifanyia mkono wa birika mpaka alipofika mahali pa kuonekana.

Mwenyewe angefurahi nikimwachia hamsini tu. Namwelewa. Waogeleaji wetu wa Tanzania anaosikia wamekwenda Olimpiki amewasikia kwenye mbio fupi: Hilal Hilal mita 50 kule Rio mwaka 2016, na Paris mwaka 2024 Sophia Latiff mita 50, Collins Saliboko mita 100. Sina ugomvi na mbio fupi. Ila anayeikwepa 200 akiwa na miaka 13, nina hakika kesho ataikwepa pia nusu ya pili ya 100.

Anachokiogopa kinaeleweka. Ukienda kasi, baada ya muda misuli inadai nguvu kuliko oksijeni inavyoweza kufika, asidi inajaa na mapaja yanawaka moto. Moto huo unatisha lakini akipumzika dakika chache umekwisha. Huo namsukuma auingie. Kuna mambo mengine simsukumi hata siku moja. Bega likichoma kwa ndani, anatoka majini. Na ile michezo ya watoto ya kuhema harakaharaka halafu kushindana nani atakaa zaidi chini ya maji, nimeipiga marufuku bwawani kwangu. Kuhema namna ile kunapunguza hewa chafu mwilini, na hewa chafu ndiyo inayomshtua mtu atafute pumzi. Mtoto anaweza kuzimia bila kuhisi lolote, na majini hakuna kuzimia kudogo.

Kwa hiyo sikumpigia kelele. Nilimkatia ile 200 vipande vinne vya hamsini, kati ya kipande na kipande apumzike sekunde kumi akiwa ameshika ukuta, saa ikiendelea kutembea. Alipogusa mwisho saa ilisoma 2:52. Nikamwambia atoe zile thelathini za mapumziko.

Akahesabu huku midomo ikimtetemeka, maana Julai hii kusi inavuma na maji yamepoa.

"2:22. Lakini kocha, si nilikuwa napumzika?"

"Sekunde kumi. Kwa sekunde kumi umepumzika nini?"

Akacheka, akavaa tena miwani. Wiki iliyofuata sekunde zikawa tano, na hapo kicheko kikaisha. Kwenye kile kipande cha tatu alitoka ukutani akiwa na sura ya mtu aliyedhulumiwa. Nilitembea ukingoni sambamba naye nikitazama kitu kimoja tu, povu la miguu. Lilipotea kidogo katikati ya bwawa, likarudi. Mikono mitatu baada ya kugeuka bila kuinua mdomo. Sikusema kitu, ila niliandika.

Leo jioni nimempima 200 nzima bila kumkatia. 2:31.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi, ametoka dukani kwake Kariakoo na foleni yote ile ya saa kumi na moja, na hesabu hazimpigi chenga. "Kocha, mbona mtoto karudi nyuma?"

Nikampa karatasi. 34, 38, 39, 40.

Akaisoma kama risiti, kidole kikishuka taratibu. "Hapa pa tatu kapunguza. Lakini huku mwisho kaharibu."

"Huku mwisho leo hakuwa na cha kubakiza, mama."

Hakuridhika, na sikutaka aridhike kwa maneno. Sekunde moja ni sekunde moja, na ubao wa matokeo hauandiki nani alikuwa mkweli. Ila ile 40 naweza kuifanyia kazi, kwa sababu ni uchovu halali. Miguu yake haijazoea kufanya kazi mbio nzima. Ile 42 ilikuwa ni uamuzi wake, na uamuzi wa mtu mwingine ni mgumu kuufanyia mazoezi.

Jumatatu ni miguu tupu, ameshika ubao wa kuelea, hamsini baada ya hamsini, mapumziko machache. Nimemwambia wakati anafunga begi. Amenijibu kwamba tayari anahisi Jumatatu ataumwa.